Havijawa Ametoka Mzima

Nchi yenyewe haipo. Hilo liwekwe wazi mapema, kabla mtu hajashika simu kupiga mahali. Haina bendera mnayoijua, na wakubwa wake hawafanani na wakubwa wa mtu yeyote. Inaitwa Jamhuri ya Shwari, na mambo yake ni mazuri mno, ndiyo maana inabidi yasimuliwe polepole.

Katika Jamhuri ya Shwari ajali za kazini zilifutwa. Hazikupungua. Zilifutwa, kwa tangazo, siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Mlezi wa Taifa alipanda jukwaani akasema amechoka kusikia wananchi wake wanakatika vidole, na kwamba kuanzia siku ile ni marufuku. Watu walipiga makofi, wenye mikono miwili na wenye mmoja. Wenye mmoja walipigia paja.

Tangazo likawa sheria, na sheria ikazaa Bodi ya Taifa ya Faraja kwa Walioumia Kazini, ambayo kazi yake ilikuwa kuwafariji watu ambao kisheria hawapo. Ilipewa jengo la ghorofa sita, maua ya plastiki na wanasheria tisa. Kila kiwanda nacho kikapewa ubao wa kutundika getini, umeandikwa kwa rangi nyekundu SIKU BILA AJALI, na chini yake nafasi ya namba. Mwisho wa mwaka, namba ikiwa haijavunjika, kila mfanyakazi hupata mfuko wa sukari na kanga yenye picha ya Mlezi akitabasamu. Ikivunjika, hapati mtu, hata mpishi.

Katika Kiwanda cha Kamba cha Shwari Kuu, aliyekuwa akibadilisha namba ile kila asubuhi ni mlinzi wa geti, Mbelwa. Mtu wa miaka hamsini na minane, darasa la nne, mwandiko wa herufi kubwa zinazolalia upande mmoja kama zimechoka. Alipanda kiti, akafuta ya jana, akaandika ya leo, akashuka, akaitazama. Alikuwa na fahari nayo. Mtu mwenye mtoto anayefaulu shuleni humtazama hivyo hivyo.

Na ndani ya kiwanda, kwenye chumba cha brashi, alikuwa mkewe, Havijawa. Brashi ni ngoma ya chuma yenye meno, inazunguka kwa kasi, na kazi ya mwanamke anayesimama mbele yake ni kushika fungu la singa za mkonge na kulisogeza lichanwe. Singa zikichanika ni vizuri. Zikijiviringisha kwenye vidole, ngoma haina habari kipi ni singa na kipi ni mtu.

*

Sasa, wasije watu wakasema serikali iliwafundisha wafanyakazi uongo. Serikali ilileta ubao tu. Mengine wananchi walijifundisha wenyewe, na hapo ndipo mtu anapoona faida ya kuwa na wananchi wepesi.

Walikuwa na kitu walichokiita kuvusha. Mtu akiumia, kabla hajamaliza kusema mama yangu wee, wenzake wanne wanamnyanyua, mbio mpaka getini, wanamvusha mstari mweupe uliopakwa chini, wanamlaza ng'ambo, barabarani. Halafu wanarudi ndani, wanajipangusa, na mmoja anapaza sauti: "Jamani! Kuna mtu kaanguka huko nje!" Basi kiwanda kizima kinatoka kushangaa, wengine kwa ufundi zaidi kuliko wengine.

Chambuso wa mashine ya kusokota alipoteza vidole vitatu vya mguu. Ikaandikwa kakanyagwa na ng'ombe, na barabara ile haijapitiwa na ng'ombe tangu mkonge wa kwanza upandwe. Chambuso mwenyewe aliipenda hadithi hiyo mpaka ikafika mahali akawa anataja na rangi ya ng'ombe.

Mlinzi alikuwa na kazi yake katika kuvusha. Alikuwa na daftari. Mtu anayetoka kwa miguu yake, Mbelwa aliandika jina na saa, basi. Kwa aliyevushwa, Meneja alimwelekeza aongeze maneno mawili: ametoka mzima.

"Isije ikaleta maneno baadaye," Meneja alisema.

Mbelwa aliona ni busara. Anayetembea, kila mtu anaona ni mzima. Anayebebwa ndiye anayehitaji kuandikiwa.

Miaka kumi na moja aliandika hivyo, na roho yake ilikuwa shwari kama jina la nchi.

*

Ilikuwa asubuhi, zimebaki siku tisa mwaka uishe. Mbelwa alisikia mbio, akasimama, akaweka mkono kwenye komeo kama kawaida yake. Alimwona kwanza nyapara Semboja, halafu wanawake watatu wa brashi, halafu akaona kanga. Ilikuwa kanga ya zambarau, na yeye ndiye aliyeinunua.

Mkono wa kulia wa Havijawa ulikuwa umefungwa kwa gunia, na gunia lilikuwa limeshabadilika rangi.

"Fungua, mzee," alisema Semboja, anahema. "Fungua, zimebaki siku tisa."

"Baba Stara," Havijawa alisema. Alimwita hivyo kwa jina la binti yao, aliyeolewa mbali. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi. "Baba Stara, mnanipeleka wapi? Mimi nimeumia ndani."

"Ni utaratibu tu, mama," alisema Mbelwa. "Dakika mbili."

"Andika nimeumia ndani."

"Usijichoshe, mke wangu."

"Mzee," Semboja alisema tena, "watu mia mbili na sukari yao."

Mbelwa akafungua geti. Wakamvusha. Akarudi mezani, akafungua daftari, na kwa herufi zake kubwa akaandika: HAVIJAWA. SAA NNE NA DAKIKA KUMI. AMETOKA MZIMA.

Kisha ikapigwa ile sauti, jamani kuna mtu kaanguka huko nje, na Mbelwa akatoka na wengine kushangaa. Siku ile yeye peke yake hakuigiza.

*

Zahanati walimwosha, wakamfunga, wakampa vidonge vyeupe. Siku ya tatu homa ikapanda, na mkono ukaanza kunuka. Mganga wa zahanati, mtu mwema asiye na vifaa, alimvuta Mbelwa pembeni.

"Mzee, huyu mpeleke Hospitali Kuu. Kule kuna daktari wa mikono. Hapa nitakudanganya."

Hospitali Kuu ya Jamhuri ya Shwari ina madirisha mawili. La kwanza ni la walioumia barabarani. La pili ni la walioumia kazini, na halijawahi kufunguliwa, isipokuwa kupakwa rangi. Mbelwa alimkalisha mkewe kwenye benchi, akaenda la kwanza na karatasi ya zahanati.

"Kagongwa na nini?" aliuliza karani.

"Hakugongwa."

"Mzee, hapa pameandikwa alikutwa barabarani. Barabarani watu wanagongwa. Namba ya gari?"

"Hakukuwa na gari, mwanangu."

"Pikipiki basi."

"Hata pikipiki."

Karani akaweka kalamu chini kwa huruma. "Kalete chochote chenye magurudumu. Bila hivyo siwezi kumfungulia jalada."

Mbelwa akainama, akasema kwa sauti ya chini, maana lilikuwa neno zito kulitamka mbele za watu: "Aliumia kazini."

Watu wa foleni waligeuka wote. Karani akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Hilo ni dirisha la pili. Na la pili halifunguki bila Hati ya Kuumia Kazini, kutoka Bodi, yenye muhuri. Ukiileta hiyo, mzee, mgonjwa anapokewa saa hiyo hiyo. Kitanda kipo. Daktari yupo. Hana kazi mwaka wa tano huu, anacheza bao."

Basi mambo yote, mkono wa Havijawa na uhai wa Havijawa, yakawa yamening'inia kwenye karatasi moja. Alimrudisha nyumbani, akampa jirani amtazame, akapanda basi la alfajiri kwenda makao makuu.

*

Mlangoni mwa Bodi ya Faraja palikuwa na bango kubwa: BODI NDIYO WAKILI WAKO. UKIJA NA MWINGINE UNATUUMIZA.

Alipokewa na Afisa Faraja Mwandamizi, Bwana Lukindo, mtu mnene mwenye sauti ya hotuba hata akiwa anaomba maji. Alimshika Mbelwa mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee wangu! Karibu katika nyumba ya machozi yako. Bodi hii, kwa maono mapana ya Mlezi wetu, iliundwa kwa ajili ya mtu wa chini kabisa. Na nikikutazama, naona hasa ndiye wewe."

"Ahsante, mkubwa. Mke wangu kaumia kwenye brashi. Naomba hati."

"Atapata! Nani kasema hatapata? Ila tufuate ngazi." Akafungua fomu nene kama msahafu. "Swali la kwanza. Eleza kwa ufupi ajali ambayo haikutokea."

Mbelwa alieleza. Lukindo aliandika, akitikisa kichwa kwa uchungu penye kutikisa.

"Mkubwa," Mbelwa alisema walipofika ukurasa wa nane, "jirani yangu ameniambia mambo haya niyafanye na mwanasheria."

Lukindo aliacha kuandika. Alionekana mtu aliyetukaniwa mzazi.

"Mwanasheria? Mzee, mtoto anakwenda kwa mama yake kuomba uji, anakwenda na mwanasheria? Ataleta ugomvi kwenye nyumba ya amani huyo."

Nyuma yake palikuwa na chumba cha kioo, na ndani yake watu tisa wenye tai, wanakula karanga.

"Na wale ni nani?"

"Wale? Ni wanasheria wetu."

"Wa nini, mkubwa?"

"Wa kutulinda sisi na nyinyi," Lukindo alisema, akakohoa. "Yaani wa kutulinda sote. Sasa weka sahihi hapa, hapa, na hapa. Inaitwa Maelezo ya Hiari. Inaharakisha."

Karatasi zilikuwa tatu, maandishi madogo kama chungu waliokufa wamepangana. Mbelwa alizisogeza karibu na macho.

"Naweza kusoma kwanza?"

"Unaweza sana, ni haki yako. Ila ukisoma unachelewa, na mgonjwa unasema ana homa."

Mbelwa akatia sahihi, hapa, hapa na hapa. Lukindo akapuliza wino ukauke, akafungua kabati, akamkabidhi faraja ya awali, ambayo ilikuwa ni kalenda ya ukutani yenye picha kumi na mbili za Mlezi, kila mwezi na tabasamu lake.

"Na hati?"

"Hati inakuja kwa posta, mzee wangu. Nenda kwa amani."

*

"Wamekupa?" Havijawa aliuliza. Alikuwa amelala upande, mkono umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukitunza.

"Wamenipa kalenda."

Alicheka, na kicheko kikamuumiza, akafumba macho kikapita.

"Basi walau nitaijua tarehe."

"Usiseme hivyo, Mama Stara."

"Nakutania, baba. Nisipokutania wewe nimtanie nani, Mlezi?" Jirani alikuwa akichochea uji nje, unasikika mwiko. "Sikulaumu, unasikia? Lakini ulifungua geti upesi mno. Siku zote nikitoka kazini unanizuia pale, mara onyesha kitambulisho wewe mama, mara unaiba kamba ya kiwanda, mpaka wenzangu wananiacha. Siku ile ulifungua upesi."

Mbelwa alivuta beseni karibu. Aliloweka kitambaa, akampangusa paji la uso, akaloweka tena.

Kila asubuhi alikwenda posta. Siku ya tisa mwaka wa kiwanda uliisha bila ajali, bendi ya shule ikapiga, Meneja akapokea Kombe la Usalama na kulia machozi ya kweli. Siku ya kumi na moja, kabla ya adhuhuri, Havijawa akafariki.

Kiwanda hakikumsahau. Walileta msibani gunia la sukari, fungu lake na la mumewe na la ziada, na kanga mpya kabisa. Wanawake wa brashi walipika chai. Watu walikunywa, ilikuwa tamu, wakasema Mungu amlaze pema. Mbelwa alikunywa yake bila sukari, na hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana wote walijua, na kila mmoja akawa anakitazama sana kikombe chake.

Siku ya arobaini barua ya Bodi ikaja. Ilisema kwamba kwa mujibu wa Maelezo ya Hiari ya mume, mhusika alikutwa barabarani, hakuwa kazini, na familia haidai hati yoyote sasa wala milele. Ilimtakia mgonjwa afueni ya haraka.

*

Mwanasheria aliitwa Tunu Shekiondo, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la fundi cherehani, chumba kimoja ambacho meza yake ilitikiswa na mashine za chini. Alikuwa kijana kuliko Mbelwa alivyotarajia, umri wa Stara. Alisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Mzee wangu, pole sana. Ningependa ungekuja kwangu ile siku ya kwanza."

"Waliniambia mwanasheria ni ugomvi."

"Walikwambia wakiwa tisa." Akavuta kiti karibu. "Ngoja nikueleze, siyo kukulaumu, ila ujue. Ungekuja siku ile, ningepiga picha mkono na ile mashine kabla hawajaiosha. Ningeandika majina ya walioona wakati bado wanatetemeka, maana mtu akishapoa anasahau. Ningepeleka barua Bodi na mahakamani siku hiyo hiyo, hospitali ilazimishwe kumpokea wakati sisi tunabishana. Na zile karatasi tatu ningezisoma mimi, wewe ukakae na mkeo. Ndiyo kazi yenyewe. Si kubwa kama watu wanavyodhani."

Mbelwa alitazama sakafu. Cherehani za chini zilikimbia, zikasimama.

"Angepona?"

"Mimi si daktari, baba. Lakini kitanda kilikuwepo."

Mbelwa aliichukua barua, akaikunja. Halafu akasema, "Mimi sitaki kitu kwao. Nataka waandike kwamba aliumia ndani. Aliniomba mimi niandike, sikuandika. Sasa nataka waandike wao."

"Zimebaki siku ishirini za kukata rufaa. Nani aliona?"

"Chumba kizima."

"Nani atasema?"

Mbelwa alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Basi unabaki wewe," alisema Tunu. "Na wewe ukisema, unakiri kwamba uliandika uongo kwenye daftari. Hapa nchini hilo linaitwa kuchafua takwimu za taifa. Kazi itakwenda, na nyumba ya kampuni itakwenda nayo. Sitaki uje uniambie sikukwambia."

"Nyumba ile nani yumo?" Mbelwa alisema. "Andika, mwanangu."

"Na nikuombe kitu. Hilo daftari, unaweza kunipatia?"

"Liko mezani kwangu. Miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kulifungua isipokuwa mimi."

*

Baraza la Rufaa la Bodi lilikaa ghorofa ya sita. Upande mmoja wanasheria tisa, upande wa pili Tunu na mzee mmoja aliyevaa koti la harusi yake mwenyewe. Juu yao, Mwenyekiti, Mheshimiwa Ngoda, alifungua kwa maneno haya:

"Tumekutana katika mazingira ya udugu, kumsikiliza ndugu yetu anayedai kwamba jambo lisilowezekana liliwezekana."

Mkubwa wa wale tisa akasimama, akamwonyesha Mbelwa zile karatasi tatu. "Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na kwenye daftari la geti, mwandiko huu, ametoka mzima, ni wako?"

"Ni wangu."

"Kwa hiyo ulisema uongo wakati ule, au unasema uongo leo?"

"Wakati ule."

"Na tukuamini vipi, wewe mzoefu wa uongo?"

Wenzake wanane wakacheka kwa zamu. Hapo Tunu akasimama.

"Mheshimiwa, naomba tulisome daftari lenyewe. Lote." Akalifungua mbele ya Mwenyekiti. "Hapa, siku moja tu, wametoka watu mia na themanini. Asha, saa kumi. Mhina, saa kumi na dakika moja. Hakuna hata mmoja aliyeandikiwa ni mzima. Fungua utakapo. Kwa miaka kumi na moja, maelfu ya watu wametoka kwenye geti lile, na maneno ametoka mzima yamo mara arobaini na moja tu. Nimetembelea nyumba zao. Wa kwanza hana jicho. Wa pili hana kiganja. Wa tatu, Chambuso, hana vidole vitatu vya mguu. Wa arobaini na moja ni Havijawa. Mzee huyu hakuficha walioumia. Bila kujua, aliwaorodhesha."

Mmoja wa wale tisa aliacha kutafuna karanga.

Mbelwa mwenyewe alilitazama daftari kama halijui. Arobaini na moja. Alikumbuka kila mmoja wao, uzito wa komeo mkononi kwa kila mmoja wao, na kwamba kila mara alijiona mtu mwenye utaratibu.

Mwenyekiti Ngoda alinong'ona na wale tisa muda mrefu. Kisha akatoa uamuzi kwa hotuba ya dakika arobaini, ambayo kiini chake kilikuwa hiki. Bodi, kwa ukarimu wake, inakubali kwamba Havijawa aliumia ndani, kwa kuwa marehemu hawezi kuharibu namba ya ubao wa mwaka uliokwisha kufungwa. Wale arobaini, kwa kuwa wako hai, waendelee kuwa wazima mpaka kila mmoja atakapokata rufaa yake. Mlinzi Mbelwa afukuzwe kazi na aondoke kwenye nyumba ndani ya siku saba, kwa kuchafua takwimu. Na Hati ya Kuumia Kazini itolewe mara moja.

Ikatolewa. Ilikuwa na muhuri wa bluu na maandishi ya kupendeza: Havijawa, mchanaji wa singa, aliumia kazini. Mgonjwa apokewe bila kucheleweshwa.

Nje, kwenye ngazi, Tunu alimshika mkono. "Tumeshinda, baba."

"Tumeshinda," alisema Mbelwa. Alijaribu kuliona neno hilo limekaa wapi mwilini mwake, hakuliona. "Wale arobaini wakija kwako, wapokee."

"Wawili walishakuja jana."

*

Ya nini kwenda Hospitali Kuu, hata yeye hakuweza kulieleza vizuri. Labda kwa sababu karatasi ilisema mtu apokewe, na hakuwahi kushika karatasi nyingine ya serikali iliyosema kweli. Alipanga foleni tangu asubuhi, maana ni moja kwa madirisha yote mawili, akafika dirisha la pili, akagonga. Ikachukua muda. Likafunguliwa kwa kubanduka, maana rangi ilikuwa imeligandisha, na karani akatokeza kichwa, anakodoa macho.

Mbelwa akampa hati.

Karani aliisoma, akaipindua, akaisoma tena. Akamwita mwenzake aje aone. "Ya kweli hii," alisema. "Ina muhuri. Mzee, hongera sana. Kitanda kipo, daktari namwita sasa hivi. Mgonjwa yuko wapi?"

"Alifariki. Miezi mitano sasa."

"Oh." Karani akaitazama hati, akautazama uso wa mzee. Hakuwa mtu mbaya. "Sasa nifanyeje na hii? Ikishaletwa lazima nijaze."

"Jaza."

Karani akafungua kitabu kikubwa, kipya, ukurasa wa kwanza wake kabisa. Akatafuta safu inayofaa. Palikuwa na safu mbili tu, Mgonjwa Amepokewa na Mgonjwa Hakufika. Akafikiri kidogo, akaweka alama kwenye ya pili. Ndiyo maana kwenye taarifa ya mwaka, iliyosomwa na Mlezi mwenyewe mbele ya mabalozi, palikuwa na mstari unaosema kwamba taifa lilimwandalia kitanda na daktari mfanyakazi mmoja aliyeumia, na mfanyakazi huyo hakujitokeza.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Pale dirishani, Mbelwa aliisoma alama ile kichwa chini miguu juu, kwa utaratibu wake wa herufi moja moja.

"Alifika," alisema. "Alikaa benchi lile pale, mwenye kanga ya zambarau. Aliegemea ukuta. Naomba kalamu, mwanangu, nirekebishe."

"Kalamu ni ya ofisi, mzee. Na kitabuni haruhusiwi mtu kuandika. Sogea basi, kuna watu nyuma yako."

Mbelwa hakusogea. Aliweka viganja vyote viwili juu ya ukingo wa dirisha, likawa haliwezi kufungika. Karani akapaza sauti, akaomba watu wa foleni wamsaidie kumwondoa babu huyu.

Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke aliyefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, karatasi mkononi imeandikwa kagongwa na gari. Alimtazama karani, akaitazama karatasi yake, akaikunja, akaitia kifuani.

"Mpe kalamu," alisema. "Sisi hatuna haraka."